Zeze la Mjomba Mhina: siku la kale na jipya yalipopigwa ghalani

Wakuu, heshima zenu wote. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri wangu huu sidhani kama humu mmebaki wengi. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Penye kusahau nitasema nimesahau. Majina ya watu nimebadili, na jina la kijiji liko kapuni. Ni Handeni, hiyo inatosha.

Kilichonichokoza ni ule uzi wa wiki iliyopita. Kuna mkuu mmoja humu kanunua gitaa la zamani, kaliwekea picha utadhani bibi harusi, halafu akaandika kwamba fundi wa leo hata ajinyonge hawezi kutoa sauti ile. Mkamwitikia: "kweli mkuu", "vya kale dhahabu", "siku hizi ni fake tupu". Mmoja akauliza tu kwa adabu, "Umejuaje?" Mkamshukia kama mwewe. Jamani, swali lilikuwa zuri!

Mimi ni fundi mstaafu wa vyombo vya nyuzi. Nimetengeneza mazeze na magitaa, na majeneza pia pale njaa iliponibana. Nilijizuia siku tatu nisiandike. Ya nne nikashindwa.

Chukueni chai, uzi ni mrefu kidogo.

Turudi miaka ile ya vijiji vya ujamaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Zamani kila ukoo ulikaa na kilima chake, sasa tulikuwa tumehamishwa na kupangwa nyumba kwa nyumba, mstari mmoja. Katikati ghala la kijiji, ng'ambo ya kijito shamba la ujamaa. Wengine walinung'unika, wengine walifurahi kupata majirani. Mimi nilifurahi. Kilimani kwetu nilikuwa nawapigia mbuzi tu.

Kwa vijana ambao zeze mnaliona kwenye picha: ni kipande cha mti, urefu kama mkono wa mtu mzima, kimechongwa vinundu vitatu vya kubania uzi. Chini yake kimefungwa nusu kibuyu, mdomo wazi. Ule mdomo unaukandamiza kifuani huku unapiga. Ukiubana sauti inazama, ukiuachia kidogo inafunguka. Yaani kifua cha mpigaji nacho ni sehemu ya chombo.

Mjomba wangu Mhina, kaka yake mama, alikuwa na zeze lililosifika hadi vijiji vya jirani. Aliachiwa na babu, yaani baba yao, na babu naye ilisemekana aliachiwa na baba yake. Lilikuwa jeusi tii kwa moshi, linang'aa. Sisi vijana hatukuruhusiwa hata kulivuka likiwa chini. Mjomba akilipiga, wazee wanatikisa vichwa: "Hiyo ndiyo sauti. Siku hizi haipo tena."

Wakuu, uzi wenyewe ulikuwa waya wa breki ya baiskeli! Mjomba aliununua Korogwe, akaufumua mwenyewe mbele yetu. Lakini hakuna aliyethubutu kusema. Zeze ni la kale, basi.

Mimi nilikuwa nimeshatengeneza manane. Saba ya kwanza nayaombea msamaha. La nane lilisimama. Mti niliuchonga mwezi mzima, kibuyu nilikitoa shambani kwa mama, waya ni ule ule wa breki. Nikampelekea mjomba alipige.

Akalipiga kidogo. Akalirudisha.

"Linapiga kelele vizuri," akasema.

Nikauliza, "Kasoro yake nini, mjomba?"

"Kibuyu hakijala moshi, mpwa wangu. Bado kina maji ya utoto."

Sasa mjue kwa nini neno la mjomba lilikuwa zito kwangu.

Baba yangu alikata mkonge Mazinde ujana wake wote, na kwake kazi ni ile tu. Alishaniambia: vuli ikiisha, nafunga kamzigo naenda Mazinde kukata mkonge, kaka yangu yuko huko, atanipokea. "Ufundi wa vibuyu haujawahi kumlisha mtu," alisema. Sina dharau na mkonge, umetusomesha wengi. Lakini mimi nikishika kisu cha mkonge ilikuwa ndiyo mwisho wa patasi, nilijua hivyo. Nililia kama mtoto, nawaambia ukweli.

Mama akaniombea. Baba akalegea kidogo, akasema, "Haya. Mjomba wake akisema mbele ya watu kwamba kidude chake kinalia, atabaki. Asiposema, Mazinde."

Kwa hiyo ndiyo hali. Mjomba aseme linalia, nibaki fundi. Asiposema, mkonge.

Nikafanya alivyonielekeza. Nikalipeleka zeze jikoni kwa mama, juu ya uchaga, ule mpango wa fito juu ya mafiga ambapo mahindi ya mbegu yanafukizwa moshi yasiliwe na fukusi. Mama akalalamika, "Jiko langu limekuwa karakana?" Lakini alilipandisha mwenyewe, akaliweka baina ya mahindi na vifurushi vyake vya mbegu. Alikuwa na vifurushi vingi vya vitambaa, kila kimoja anakijua kwa fundo lake.

Miezi yote ya kiangazi zeze langu lilikula moshi. Kila siku nachungulia. Likawa kahawia, likawa jeusi, likaanza kung'aa. Na sauti, wakuu, ilibadilika. Ilitulia.

Katikati ya kiangazi hicho mjomba naye akaja na lake. Nyumba yake mpya ya kijijini ilikuwa haina uchaga bado, na zeze la babu halikuwahi kulala nje ya moshi. "Dada, nitunzie," akamwambia mama. Mama akalipandisha juu, pembeni ya langu.

Mnaanza kuona balaa linakuja? Mimi sikuliona.

Karibu na mwisho wa mwaka katibu wa kijiji akaleta habari. Alikuwa kijana wa Kishambaa kutoka milimani, Mkristo, mcheshi, penseli haitoki sikioni, na anapenda hesabu kuliko wali. Akatangaza kwamba sherehe za Uhuru zitafanyika Korogwe, na sisi wa Handeni tumealikwa kupeleka kikundi cha ngoma na mpiga zeze mmoja.

Mpigaji ni mjomba, hapo hapakuwa na mjadala. Kikao kizima kikasema na zeze ni la babu, tufunge, twende nyumbani.

Nikanyoosha mkono. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Ndugu katibu, naomba na langu lisikilizwe."

Watu wakacheka. Bibi Mwanahawa, ajuza wa kijiji aliyemjua babu yangu enzi za ujana wake, akasema, "Mtoto huyu anataka kushindanisha kifaranga na jogoo!" Wakacheka zaidi.

Lakini katibu hakucheka. Akasema, "Kanisani kwetu mlimani kuna kinanda cha zamani. Wazee wanakisifia mpaka machozi, na nusu ya vitufe vyake havilii kabisa. Mimi napenda kusikia kabla ya kuamini."

Akapanga mambo kikatibu. Kesho yake kulikuwa na kazi ya kijiji kizima, kupukuchua mahindi ya shamba la ujamaa, uwanjani mbele ya ghala. Mjomba ataingia ghalani peke yake na mazeze yote mawili, mlango ufungwe. Asubuhi atapiga moja, baada ya chakula atapiga jingine, atakalo liwe la kwanza. Sisi huku nje tunapukuchua na kusikiliza, bila kujua lipi ni lipi. Jioni watu waseme la kale lilikuwa la saa ngapi. Na yeye katibu atapima debe zilizopukuchuliwa asubuhi na mchana, ajue zeze gani linachapusha mikono.

"Huo ndio ujamaa na kujitegemea," akamalizia. Mpaka leo sijaelewa alimaanisha nini, lakini tulipiga makofi.

Mjomba akakubali huku anacheka. "Nitawapigia hata ufagio, mkitaka."

Kesho yake asubuhi, jua bado changa, nikaenda jikoni kwa mama kuyachukua mazeze.

Juu ya uchaga kulikuwa na zeze moja zima, na mti mmoja mtupu. Hauna kibuyu.

Nikaushusha ule mti, nikautazama. Wangu ninaujua kama kiganja changu. Huu haukuwa wangu. Vinundu vyake vilikuwa vimelika kwa vidole.

"Mama!" nikaita. "Kibuyu cha zeze hili kiko wapi?"

Mama alikuwa kwenye chungu, anapika makande ya watu wa kazi. Akajibu bila hata kugeuka, "Nimechukua kile cha lile lako, si utatafuta kingine? Kata yangu imepotea, nilikuwa nachota kunde. Kimepasuka hicho, kibovu hicho, wewe kibuyu chako sijui ulikikausha vipi."

Wakuu, hebu fikirini. Nusu kibuyu ni kata, na kata ni nusu kibuyu. Mwanamke kapapasa juu kwenye moshi, macho yanamtoka machozi, kakamata kibuyu cheusi, kakifungua, kachotea kunde. Kibuyu kilichokula moshi miaka yote hiyo ni kikavu, kinavunjika kama ganda la yai. Kikafa mkononi mwake, vipande viwili.

Nikamwonyesha ule mti. Akautazama. Akaketi chini.

"Uwii," akasema taratibu. "La kaka."

Mjomba alikuwa njiani anakuja ghalani, kijiji kizima kinakuja, na zeze la ukoo limegeuzwa kata likapasukia kwenye kunde! Nikasema nikamwambie sasa hivi. Mama akanishika mkono. "Leo usimwambie. Atakufa mbele za watu. Una kibuyu kingine?"

Nilikuwa nacho. Cha akiba, kilichotoka kwenye mmea mmoja na kile cha zeze langu. Lakini kilikuwa cheupe pe, hakijaona moshi hata siku moja.

Hapo mama akanishangaza. Alisema harakaharaka, kama mtu anayesoma somo alilokariri: "Masizi ya sufuria hayafai, yanapukutika. Kwangua chini ya chungu. Changanya na mafuta ya nyonyo, paka, kausha motoni, paka tena, halafu sugua kwa gunzi."

Sikuwa na nafasi ya kumuuliza alijifunza wapi. Nikakwangua, nikapaka, nikakausha, nikasugua, nikakifunga kibuyu kwenye mti wa babu. Kwa mbali kilifanana. Nikaenda ghalani na mazeze mawili kwapani, jasho linanitiririka, na jua lenyewe bado halijapanda.

Mjomba alifika amevaa kanzu yake nyeupe na koti juu. Akapokea mazeze yote mawili mlangoni, hakuyatazama sana, akaingia. Katibu akafunga mlango.

Tukakaa kwenye majamvi, kijiji kizima, mahindi rundo mbele yetu. Zeze likaanza.

Nilijua mara moja. La asubuhi lilikuwa lile la babu, na kibuyu changu kipya kimeng'ang'ania pale. Lilikuwa na ile sauti ya maji ya utoto. Kali, nyepesi, linaruka. Mikono ya watu ikaruka nalo. Vijana wakaanza kushindana, punje zinatupigapiga usoni, wanawake wakaitikia nyimbo. Katibu anapima debe, anachora mistari kwenye daftari, uso unang'aa.

Mimi nilikuwa napukuchua na kuomba dua.

Tukala makande. Yalikuwa matamu, sitasema uongo, ingawa zile kunde kila nikizitafuna nazikumbuka.

Baada ya chakula likapigwa la pili. Langu. Wakuu, sikuwahi kulisikia nikiwa nje namna ile. Lilikuwa limetulia, zito, sauti inatoka ghalani kama inatoka chini ya ardhi. Watu wakanyamaza. Mikono ikapunguza mwendo. Bibi Mwanahawa akaacha gunzi lake, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Jioni katibu akasimama kutoa ripoti. Asubuhi debe zilikuwa nyingi zaidi, mchana zimeshuka. "Lakini ndugu wananchi," akasema kwa masikitiko ya kweli, "hesabu hii imeharibiwa na makande. Watu wamesinzia. Kwa hiyo tunarudi kwenye masikio."

Bibi Mwanahawa hakungoja kuulizwa. "La mchana ndilo la marehemu! Nimemsikia mwenyewe, kama yuko humo ndani. Lile la asubuhi ni la huyu kijana, linalia kama mtoto anayetaka ziwa."

Kijiji kizima kikaitikia. Ndiyo, la mchana ndilo la kale. Hata walioulizwa mmoja mmoja. Hata baba.

Katibu akafungua mlango. Mjomba akatoka amefunga vifungo vyote vya koti mpaka shingoni, na joto lile! Mkononi kashika zeze la mchana. Akaliinua.

Lilikuwa langu.

Mlivyowahi kusikia watu wakishangaa, zidisheni. Bibi Mwanahawa akasema "Astaghfirullah", kisha akaanza kucheka mpaka wajukuu wakamshika. Vijana wakanibeba. Katibu akatangaza kwamba zeze litakalokwenda Korogwe ni la fundi wetu, na kwamba leo ujamaa umeshinda. Tukapiga makofi tena.

Mjomba akamgeukia baba, mbele ya wote. "Shemeji, linalia."

Baba akanitazama, akaitikia kwa kichwa. "Basi utabaki."

Nilikuwa nimeomba neno hilo mwaka mzima. Nikalipata, na halikuwa na ladha. Maana mimi na mama tulijua la babu lilipigwa likiwa na kibuyu kichanga, kilichopakwa masizi asubuhi ile ile. Nilishinda jogoo aliyefungwa miguu. Mama hakuinua macho. Nami nilipolala nikaona aibu imenikalia kifuani, sikupata usingizi wa maana.

Kulipokucha nikaenda kwa mjomba. Nilijua nikisema, ushindi umefutika na Mazinde inaniita. Lakini nilijua pia kwamba kila nitakaposhika patasi nitazikumbuka zile kunde.

Nilimkuta nje anachana fito za uchaga wake mpya.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai, mjomba."

"Basi sema umesimama."

Nikasema yote. Kata, kunde, kibuyu, masizi. Nikasema kosa ni langu, nikajaribu kumtoa mama lawamani, ingawa sikufaulu vizuri. Mjomba anachana fito tu.

Akauliza, "Unajua ukisema hivyo unakwenda kukata mkonge?"

"Najua."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na ile kanzu ya jana. Akaikunjua mbele yangu. Kifuani, upande wa kushoto, kulikuwa na duara jeusi la mdomo wa kibuyu, limekaa sawasawa kama limechorwa kwa bikari.

"Mke wangu kaifua mara mbili," akasema. "Nyonyo haitoki."

Kumbe ndiyo maana ya vifungo vya koti! Alijua tangu alipolikandamiza kifuani asubuhi ile, akaendelea kupiga.

Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi. Halafu akaacha kucheka.

"Kibuyu alichokipasua mama yako nilikiweka mimi," akasema. "Cha marehemu kilinidondoka nikiwa na umri wako. Nikatafuta kingine, nikapaka masizi. Baba alikuwa na kanzu moja tu ya Ijumaa. Ikatoka na duara kama hili. Hakusema neno. Na mimi sikusema. Tukakaa hivyo miaka, mpaka nikamzika, sijamwambia. Wewe umelala mara moja tu, umekuja. Umenishinda hapo, mpwa wangu. Zeze ni jambo dogo."

Nililia, wakuu. Sikuona haya hata kidogo. Naye machozi yalikuwa yanamlenga.

"Na masizi nani alikufundisha kukoroga?" akauliza.

"Mama."

"Najua. Ndiye aliyenikorogea mimi. Alikuwa kibinti, tumejificha nyuma ya banda la kuku."

Tukaongozana mpaka kwa mama. Alipotuona wawili akajua mambo yameiva, akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. Mjomba akamkatiza. "Mwanaidi, nina swali moja. Hivi vibuyu vya mwanao, mbegu ulitoa wapi?"

"Mbegu gani tena? Si zile za baba!" Akaingia jikoni, akapapasa juu ya uchaga, akashusha kifurushi kimoja. "Ulipovunja kibuyu chake ukachuma kingine kwenye mmea wake pale uani, kisha ukanituma niung'oe wote nikautupe, ushahidi usionekane. Vibuyu vilivyobaki juu yake nikavipasua nikatoa mbegu. Nimezipanda kila masika tangu siku ile."

Mjomba alikifungua kile kifurushi akakitazama muda mrefu. "Kumbe," akasema. Akakifunga vizuri, akamrudishia. "Basi mtu asiniambie la huyu kijana ni jipya."

Akaenda mwenyewe kwa baba. Sikusikia walichoongea. Nilichoona ni baba anatoka, ananiambia nikanoe patasi zangu, maana zinatia aibu.

Korogwe tulikwenda na lori la kijiji, kumi na tisa nyuma pamoja na ngoma na mbuzi. Mjomba alilipiga langu uwanjani, watu wakatulia tuli. Alipomaliza, akaja mheshimiwa mmoja mwenye miwani, mtu wa utamaduni, akalipapasa zeze kwa heshima kubwa. Akauliza lina umri gani.

"Lina umri mkubwa sana mzee wangu," mjomba akajibu, uso mkavu. "Limetoka kwa babu."

"Unaona?" yule mheshimiwa akawaambia wenzake. "Mafundi wa siku hizi hawawezi kutoa sauti hii."

"Hawawezi kabisa," mjomba akasema, akanikanyaga mguu ili nisicheke.

Baadaye alinipeleka kwenye karakana moja ya seremala pale mjini, akaniombea kazi. Nikapokelewa, na Korogwe sijaondoka mpaka leo. Mjomba alipofariki aliniachia ule mti wa babu pamoja na kibuyu changu cha masizi, ambacho kwa wakati huo kilikuwa kimekula moshi kwelikweli na kila mtu anakiita cha kale.

Nilichojifunza? Kwanza, sikubishi kwamba vya zamani vina sauti. Moshi ni kweli, miaka ni kweli, na vidole vinalainisha mti. Lakini la kwangu lilihitaji kiangazi kimoja tu na mama mwenye jiko. Sehemu kubwa ya ukale tunaisikia kwa macho. Mkuu wa gitaa, sikusemi vibaya, wewe lipige, lakini siku moja mwambie mtu akupigie nyuma ya mlango.

Pili ni ile kanzu. Mwenye kosa aseme mapema, wakati wa kumwambia angali yupo.

Sasa ninakuja kwenye sababu yenyewe ya kuandika. Mti wa babu, pamoja na kibuyu chake, unaning'inia sebuleni kwangu. Mwezi uliopita nilirudi safari, nikaushusha nipige kidogo. Shati langu jeupe likatoka na duara jeusi. Nikanusa. Dawa ya viatu.

Sikusema neno. Ila nimeona mjukuu wangu Zaina, mtu mzima kamaliza chuo, mwezi mzima ananikaangia maandazi kila asubuhi bila kuombwa.

Zaina, najua utausoma uzi huu, maana ndiwe uliyenifungulia akaunti na password unayo. Dawa ya viatu haifai, mama. Mbegu ziko kabatini kwangu, kwenye kopo la kahawa, zimefungwa kitambaa cha Bibi Mwanaidi. Masika yako karibu.

Nyie wengine jukwaa lenu, chapeni. Nani humu ana chombo cha kale, na ana uhakika gani? Mafundi mjitokeze pia, msiogope kifaranga kuitwa kifaranga.

Nyongeza: Nimerudi kusoma maoni yenu, nitajibu baadaye kidogo. Zaina amekuja amesimama mlangoni. Nimemwambia akae, kasema hakai.

Nimemwambia basi sema umesimama.